Nataka kuona kilimo cha mpunga cha asili Thailand, fukwe sitaki. Nianzie wapi?

BintiUsangu

Habarini wadau. Nimepata kozi fupi ya wiki tatu Bangkok, inaanza mwanzoni mwa Novemba, na ikiisha nimeombea siku sita za kwangu kabla sijapanda ndege kurudi. Kila ninayemwambia ananitajia Phuket, Pattaya, fukwe, maduka makubwa, hapo wanamalizia na kunituma simu. Jamani mimi mtu wa Mbarali, nimekulia kwenye majaruba, mama yangu mpaka leo analima mpunga ekari mbili na nusu na mimi mwenyewe nafundisha somo la kilimo sekondari. Nikisikia Thailand kinachonijia kichwani ni mchele.

Sasa nimesikia wenzetu wana vijiji na vituo ambavyo mgeni anaenda anafundishwa kilimo cha zamani, unaswaga nyati, unapandikiza, unapura, unatwanga, unalala kwao na unakula wanachokula. Naomba mnaojua mniambie, ni kweli hiyo kitu au ni maigizo ya watu kupigia picha? Kwa siku sita nielekee wapi? Na mwezi wa 11 nitakuta nini shambani? Halafu mimi Muislamu, chakula itakuwaje huko vijijini.

Na la mwisho msinicheke. Huyo nyati wao. Mimi nyati ninayemjua ni wa Ruaha, yule ukimuona unatafuta mti. Wao wanamfunga plau?

Msomi_wa_Isan

Dada karibu sana, umeuliza pahala pake. Nimesoma Khon Kaen miaka mitatu, huko ndo Isan, kaskazini mashariki, kwenye mpunga wenyewe.

Nianze na nyati maana umenichekesha. Sio yule wetu, ni nyati wa majini, mnyama mwingine kabisa, mpole, mtoto wa darasa la pili anamkalia mgongoni anampeleka kwenye tope. Wao wanamwita khwai. Ila ukimwita mtu khwai umemtukana, maana yake mjinga, kwa hiyo usije ukaonyesha kidole kwenye kundi la watu ukapiga kelele "khwai khwai".

Sasa kwenye swali la maigizo. Jibu langu litakuvunja moyo kidogo halafu litakujenga. Nyati shambani wameshaondoka. Kuanzia miaka ya 70 na 80 pawatila ziliingia kwa wingi, wenyewe wanaiita khwai lek, nyati wa chuma, na siku hizi mavuno yanafanywa na mashine kubwa za kukodi, inaingia shamba asubuhi saa sita imemaliza kijiji kizima. Kwa hiyo ukikuta mtu anaswaga nyati na plau ya mbao, jua kuna mgeni anaangalia. Lakini huyo mgeni mara nyingi sio mzungu! Hiki ndicho kilichonishangaza mimi. Siku ya kwanza nimeenda kwenye kituo kama hicho nilikuta mabasi matatu ya watoto wa shule kutoka mjini, Wathai watupu, wamevaa buti wanalia kwenye tope, mwingine anauliza mwalimu mchele unaota juu ya mti au chini. Vile vituo vinafundisha watoto wao kitu ambacho babu zao walikuwa wanafanya bila kufundishwa. Wewe ukienda unaingia kwenye darasa la watu, na mimi naona ndo bora hivyo.

Tena kuna shule kabisa Sa Kaeo, upande wa mpaka wa Cambodia, inaitwa Kasorn Kasiwit, iko chini ya mfuko wa Chaipattana wa familia ya kifalme. Wanafunzi wake ni nyati na wakulima. Nyati hajui tena kuvuta plau na mkulima hajui tena kumuongoza, kwa hiyo wanafundishwa wote wawili kwa pamoja, amri za kwenda, kusimama, kugeuka. Wageni wanapokelewa. Mwalimu wa kilimo kama wewe usiache hiyo.

Novemba sasa. Umebahatika. Mpunga wa Isan ni wa mvua, msimu mmoja tu kwa mwaka, wanapandikiza Julai na Agosti na mchele wenye harufu ule hom mali unavunwa katikati mpaka mwisho wa Novemba. Ule mpunga una tabia moja, unasubiri siku zifupike ndo unachanua, kwenye tarehe 20 Oktoba hivi, hata kama mmoja kapanda Juni na mwenzake Agosti wote wanachanua wakati mmoja. Kwa hiyo utakuta bonde zima limekuwa dhahabu kwa pamoja. Nenda Thung Kula Ronghai, ni tambarare kubwa inagusa mikoa mitano, Roi Et, Surin, Si Sa Ket, Yasothon na Maha Sarakham. Jina lake maana yake ni bonde walilolilia Wakula, wafanyabiashara wa zamani waliokatiza humo kwenye jua bila maji wala kivuli wakaishia kulia. Leo ndiko kunatoka mchele wa bei.

Sasa usisubiri kozi iishe. Wikiendi yako ya kwanza kabisa ya Novemba panda treni ya usiku uende Surin au basi la Khon Kaen, ni kama masaa sita saba, kwa sababu wakati huo mpunga wa kunata unakuwa bado mbichi una maziwa yameanza kuganda na ndo wanatengeneza khao mao. Wanavuna mabichi, wanakaanga kwenye sufuria, wanatwanga kwenye kinu cha kukanyaga kwa mguu, wanapepeta kwa ungo, inatoka bapa, kijani, laini, wanachanganya na nazi. Dada. Hiyo ni PEPETA. Pepeta ya bibi kabisa. Mimi mtu wa Rufiji, nilisimama pale na kiganja kimejaa nikashindwa kuongea, yule mama akadhani sijaipenda akaniongezea nazi.

SinaBaya

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo. Nimekaa Bangkok nikifanya kazi hotelini na nimeona hizo paketi za "siku moja ya mkulima". Unavalishwa shati la bluu la wakulima na kofia, unapandikiza miche kumi kwenye kajaruba kadogo kama kitanda, unapigwa picha, unakula, unarudi. Jioni kuna mtu anaing'oa ile miche anairudisha kwenye beseni kwa ajili ya kesho. Nimeona kwa macho yangu. Bei yake mkulima wa kweli anafanya kazi wiki.

Sisemi usiende. Nasema uliza maswali mawili kabla ya kulipa, hii nyumba ni ya nani na hela inaenda kwa nani. Wakikujibu kwa brosha, achana nao.

Msomi_wa_Isan

@SinaBaya hapo sikupingi mkuu, yapo hayo, hasa karibu na mahoteli makubwa. Ndo maana nikasema msimu. Kama umeenda Novemba na wanakupandikizisha, ujue ni mchezo. Mpunga wa mvua wakati huo unavunwa.

MuuzaMawe_Chan

Wakuu salaam. Mimi niko Chanthaburi, biashara ya mawe, Watanzania na watu wa Msumbiji na Madagascar tumejaa huku mtaa wa vito wikiendi. Nachangia la matunda maana watu wanadhani Thailand ni mpunga tu.

Huku ni nchi ya doriani na shokishoki. Wapemba na Waunguja wakija huku wanadhani wamepotea njia wamerudi kwao. Mwezi wa 5 na wa 6 wenye mashamba wanafungua mageti, unalipa kiingilio unakula mpaka uchoke, doriani, shokishoki, mangostini, lakini kabla hujala mzee anakuzungusha anakuonyesha doriani inavyochavushwa usiku kwa brashi, maana ua linafunguka jioni na kule porini kazi hiyo ni ya popo, na anavyofunga kamba kila tunda lisianguke likaua mtu. Mimi nilikuwa nakula tu sijui kitu, nimefika pale nikajua kwanini ni ghali.

Kwa Novemba umechelewa au umewahi, sijui niseme vipi, matunda hamna. Ila Sa Kaeo hiyo aliyosema jamaa ni mkoa jirani na huku, ukija kwa nyati nishtue tunywe chai.

MtuWaMwea

Hapa nauliza tu kama mkulima, mimi ni wa Mwea, Kenya. Hao watu wa mchele wao unajaa kwa supermarket zetu mpaka wa kwetu unakosa soko, mnaenda kulipa kuwatazama wakilima tena? Hehe. Lakini kusema ukweli ningependa kuona vile wanagawana maji. Huku kwetu ugomvi ni maji.

Msomi_wa_Isan

Haha mkulima wa Mwea nakuelewa. Kwa maji Isan haitakusaidia sana, wengi wanategemea mvua, na shida yao ni kinyume, ukame halafu mafuriko. Wewe nenda mabonde ya kati, Suphan Buri na Ayutthaya, huko kuna mifereji wanalima mara mbili na zaidi kwa mwaka.

Ila kuna kitu cha maji ambacho kila kituo cha mafunzo utakachoenda lazima wakuonyeshe, ile nadharia mpya ya marehemu mfalme Bhumibol. Shamba dogo, kama rai 15 (rai mbili na nusu ni ekari moja), linagawanywa, asilimia 30 bwawa, 30 mpunga, 30 miti ya matunda na mboga, 10 nyumba na mifugo. Ukisikia unasema mbona asilimia 30 yote ya ardhi unaichimba shimo, wazimu huo. Mpaka uje Machi uone jirani vumbi tupu na yule mwenye bwawa ana samaki, ana mboga, bata wanaogelea. Alianza kujaribu Saraburi karibu na hekalu, na baada ya uchumi wao kuanguka mwaka 1997 watu waliofukuzwa kazi mijini wakarudi vijijini na wengi wakaishika hiyo. Pale Pathum Thani, nje kidogo ya Bangkok, kuna makumbusho kubwa ya kilimo ya huyo mfalme, ndani picha na sinema, nje mashamba ya mfano. Dada hiyo unaweza kwenda hata katikati ya kozi, ni mwendo wa taksi.

MamaShamba_DSM

Mimi sijafika Isan, nimefika Suphan Buri tu nikiwa na mume wangu alienda kikazi. Kama masaa mawili kwa kigari toka Bangkok. Kuna pahala panaitwa Na Hia Chai, ni mradi wa familia, kituo cha kujifunza mpunga, wana aina za mpunga za kila namna wamezipanda pembeni kwa pembeni nyingine majani ya zambarau nyingine meusi, na kuna nyumba za zamani za mbao na vihenge vimeinuliwa juu ya nguzo. Mimi kilichonikamata ni habari ya Mae Posop, bibi wa mpunga. Wanaamini mpunga ni mwanamke ana roho yake. Mpunga ukianza kubeba mimba, yaani kile kipindi tumbo la mche linavimba, wanamletea vitu vichachu, matunda machachu, kitana, poda, kioo, kama mama mjamzito anayetamani! Nikacheka halafu nikakumbuka bibi yangu alikuwa hakanyagi mpunga uliomwagika, anainama anaokota punje moja moja, ukimuuliza anakwambia utalala njaa.

Chakula dada, mimi pia Muislamu. Kijijini nguruwe wapo kwenye kila kitu, hata mchuzi wa mboga. Jifunze sentensi moja, "mai kin mu", sili nguruwe, waambie mapema kabla hawajaanza kupika sio chakula kishaletwa, na waombe samaki na mayai. Wanaelewa, hawakasiriki. Bangkok penyewe kuna mtaa wa Ban Krua, Waislamu wa asili ya Champa, ufalme wa zamani kwenye Vietnam ya leo, wao ndo walikuwa wanamfumia hariri yule Mmarekani Jim Thompson aliyepotea msituni Malaysia 1967. Bado kuna wanaofuma pale, nenda ukale na ukaangalie.

Msomi_wa_Isan

Nimesahau hilo la Jim Thompson ahsante mama. Kampuni yake ina shamba kule Pak Thong Chai, Nakhon Ratchasima, lina kijiji cha nyumba za kale za Isan na wanaonyesha hariri tangu kiwavi mpaka kitambaa, ila huwa wanafungua msimu wa baridi tu, kwenye Disemba mpaka mapema Januari, kwa hiyo kwa tarehe zake dada ataikosa. Badala yake akiwa Surin aende Ban Tha Sawang kuna wafumaji wa hariri ya nyuzi za dhahabu, kitanda kimoja cha kufumia kina watu wanne, mmoja yuko chini shimoni kabisa anapandisha kamba, na kwa siku wanapata sentimita chache.

BintiUsangu

Jamani ahsanteni, sikutegemea. Pepeta imeniua, nishakata shauri, wikiendi ya kwanza niko kwenye treni.

Maswali ya nyongeza. Kulala kwa mtu inakuwaje, maana mimi mwanamke na niko peke yangu. Na kazi ya kweli nitapewa au watanionea huruma kama mgeni? Nisije nikakaa kivulini nikapewa soda wakati wenzangu wanavuna. Halafu swali la siri kidogo, nikipata mbegu ya hiyo hom mali nikatia kwenye begi nikampelekea mama, kuna ubaya?

Msomi_wa_Isan

Kulala ni salama dada, nyumba za wageni vijijini zinasimamiwa na kikundi cha kijiji na wanakupangia nyumba kwa zamu ili hela izunguke, mara nyingi unaangukia kwa mama mtu mzima. Wanalaza godoro chini, neti, feni. Baht mia kadhaa na chakula ndani yake. Viatu vua chini kabla ya ngazi, usimshike mtu kichwa hata mtoto, usinyooshe miguu kuelekea wazee au sanamu ya Buddha. Wali wa kunata unakula kwa mkono, unafinyanga tonge unachovya, hapo utawashinda wazungu wote mezani.

Kazi utapewa ukiomba. Kuna neno lao long khaek, ni ujima ule ule wetu, leo tunavuna kwako kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Mashine zimeua sana hiyo, lakini kwenye vijaruba vidogo ambavyo mashine haiwezi kugeuka na kwenye mpunga wa mbegu bado wanavuna kwa mundu. Mimi niliingia nikijidai mtoto wa Rufiji, bibi wa miaka sabini akaniacha nyuma mistari minne. Kupura wana vijiti viwili vimeungwa kwa kamba, unabana mganda unapiga chini, pa pa pa, mganda umebaki mtupu. Jaribu kuchora ile kitu uwaletee wanafunzi, seremala yeyote anaitengeneza kwa dakika kumi.

Mbegu, hapana. Usibebe mbegu kwenye begi, utaingia matatizoni uwanja wa ndege na unaweza kuleta ugonjwa shambani kwa mama. Mbegu inaingia kwa kibali cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea cha huko inakotoka. Na hata ukiipata haitakuwa ile. Nimekwambia inasubiri siku zifupike, sasa majira ya Mbarali yako kinyume na ya kule na urefu wa siku haubadiliki sana, utapanda hujui itachanua lini. Harufu nayo inaongezwa na ule udongo wa kichanga wenye chumvi na ukame wa mwisho wa msimu. Hiyo mbegu yenyewe ilianza kama mashuke 199 yaliyokusanywa Chachoengsao mwanzoni mwa miaka ya 50, wakayapanda moja moja wakachagua, shuke namba 105 ndo likashinda na kuruhusiwa 1959, mpaka leo jina lake rasmi lina 105 nyuma.

Na usisahau kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano siku kumi kabla, kwa sisi wa Afrika Mashariki wanaidai. Viza waulize ubalozi wao wa Nairobi mapema.

MtuWaMwea

Hiyo ya kuchagua mashuke moja moja ndio darasa sasa. Mwalimu huwezi beba mbegu lakini hiyo unaweza fanya na mpunga wa mama yako.

BintiUsangu

@MtuWaMwea ndo nimekaa hapa nafikiria hiyo hiyo. Mama ana mbegu za Zambia na Faya zimechanganyika mule ndani miaka yote hajawahi kuzitenga. Nampigia jioni nimwambie msimu huu asipure zote.

SinaBaya

Ukifika huko niulizie kama ile miche wanaing'oa kila jioni au ni pale kwetu tu.